Jina Ambalo 'Malisebo Hakuliandika

'Malisebo, mfumaji wa mazulia ya ukutani katika kijiji kimoja juu ya mji wa Teyateyaneng, nchini Lesotho, aliishi miaka mingi katika nyumba ya wakwe zake bila kulitamka jina la baba mkwe wake. Hakuna aliyemsifu kwa hilo, kwa kuwa ndivyo mkaza mwana wa Kisotho anavyotarajiwa kuishi. Ugumu wake ulikuwa kwamba mzee aliitwa Khoeli, yaani mwezi, ule wa angani na ule wa kalenda pia, na si rahisi kuendesha nyumba bila kuutaja mwezi. Wa angani aliuita *lebone*, taa. Wa kalenda aliuita mshahara, hata mbele ya watu wasio na ajira, na ndiyo maana binti yake Lisebo, kwa maelezo ya mama mtu, alizaliwa "mshahara wa tano, siku ya baridi kali". Majirani walimwelewa bila shida. Wageni walidhani ana mambo mengi ya fedha.

Kwa muda mrefu alifumia karakana moja ya mjini, na kila zulia lilitoka pale likiwa na jina la karakana. Siku moja mtalii alisimama mbele ya zulia la ng'ombe wanaonyeshewa mvua, akauliza ni nani aliyelifuma. "Wanawake wa hapa," muuzaji akajibu. 'Malisebo alikuwa amesimama hapo hapo, furushi la sufu kichwani. Jioni ile alimpigia simu wifi yake Puseletso, karani katika duka la dawa huko Maseru.

"Nataka duka langu," alimwambia. "Lenye jina langu."

Puseletso alimfungulia akaunti ya muuzaji katika duka la mtandaoni, akapeleka picha ya kitambulisho na picha za mazulia. Kilichosalia ni kadi ya benki, ambayo duka lingeitumia kukata ada yake, na hiyo 'Malisebo alipaswa kuiingiza mwenyewe. Aliiingiza, ikakataliwa. Aliirudia, ikakataliwa tena. Kisha ukaja ujumbe kwamba amebakiwa na jaribio moja tu; likishindikana, akaunti itafungwa, na kitambulisho kile hakitaweza kufungulia duka jingine.

Yaliyofuata nimeyapata kwa watu watatu waliokuwa na uhusiano wa karibu nayo, na kwa sehemu kubwa wanakubaliana.

Alimpigia tena wifi yake, simu ikiwa kwenye kipaza sauti ili aweze kutazama kioo. Dirisha lilikuwa wazi, na chini ya dirisha, kwenye jua, mzee Khoeli alikuwa akimenya maharage.

"Twende polepole," Puseletso alisema. "Kadi inaisha lini?"

"Mshahara wa tisa, mwaka kesho kutwa."

"Wifi yangu, wewe utaniua. Umeandika mshahara humo?"

"Nimeandika tisa. Mimi si mjinga."

"Haya. Jina umeliandika kama lilivyo kwenye kadi?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

"'Malisebo Lebone."

Puseletso alicheka hadi wateja wa dawa wakageuka. "Na huyo Lebone ni nani? Umeolewa kwingine tusijue?"

"Usinichokoze, Puseletso. Unajua ni nani."

"Mimi najua. Duka halijui. Lina kitambulisho chako, linalinganisha herufi. Andika jina la baba."

"Siandiki."

"Simu haina masikio."

"Ninayo mimi."

Kwa kumtendea haki 'Malisebo, ni lazima isemwe kwamba hakuwa amekosea kwa kutojua kusoma, wala hakukusudia kumdanganya mtu. Kwake yeye jina lile alikuwa ameliandika, kwa namna pekee ambayo mdomo na mkono wake viliijua. Kwenye kadi lilichapishwa na benki, na kadi yenyewe aliihifadhi ndani ya kifuko cha kitambaa, namba zikitazama nje na jina likilala ndani.

"Basi nipe namba, niandike mimi," Puseletso alisema. "Mimi namtaja tangu nazaliwa."

"Benki wamesema nisimpe mtu yeyote."

"Mimi ni mtu yeyote?"

"Leo ndiyo."

"Mpigie kaka, basi."

"Kaka yako yuko mgodini Welkom, chini ya ardhi, simu imezimwa."

"Haya, funga duka. Rudi ukawe wanawake wa hapa."

Neno hilo lilimchoma, na Puseletso mwenyewe anakiri kwamba alilikusudia limchome. Chini ya dirisha, sauti ya maharage yakidondoka kwenye beseni ilikoma.

Mzee Khoeli alikohoa kwanza, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kukaribia mahali alipo mkaza mwana. 'Malisebo aliufunika mgongo wake kwa blanketi. Mzee hakuingia, alisimama nje ya kizingiti, akauelekeza uso kwenye uwanja.

"Binti," alisema, "kwenye hilo jina kuna K?"

'Malisebo aliinamisha kichwa.

"Sikuulizi jina. Nakuuliza herufi. K ni yangu?"

"Hapana, Ntate," alijibu, yaani baba. "Ya watu wote."

"Basi iandike."

Akaiandika.

"H nayo ni ya watu wote. Iandike. Halafu O."

"Baba, unamwandikisha kama mtoto wa chekechea," Puseletso alisema kutoka Maseru.

"Wewe nyamaza, uza dawa. E."

'Malisebo aliandika kila herufi na kuifunika kwa ncha ya blanketi kabla ya kuandika inayofuata, hivi kwamba jina halikupata kukaa zima mbele ya macho yake hata mara moja. Mzee alitaja L, akataja I, akasema, "Imetosha, bonyeza," akarudi kwenye maharage yake.

Kadi ilikubaliwa. Puseletso, aliyekuwa akitazama ukurasa wa duka huko aliko, alisoma kwa sauti jina lililokuwa juu ya picha ya ng'ombe, lote, mawili kwa pamoja. Hapa ndipo masimulizi yanapoachana. Puseletso anasema wifi yake alilia. 'Malisebo anasema alikuwa na mafua. Mzee anasema maharage yalikuwa na wadudu, hakusikiliza.

Zulia la kwanza liliponunuliwa, duka lilitaka kila kazi ishonewe nyuma kitambaa chenye jina la mfumaji. 'Malisebo alikata kitambaa, akaandika "'Malisebo" kwa wino mweusi, akakiweka juu ya meza ya nje, karibu na kiti cha mzee, pamoja na kalamu, akaenda kuteka maji. Aliporudi, nusu ya pili ilikuwa imeandikwa, kwa herufi kubwa zilizoinama kidogo. Akaifunika nusu hiyo kwa ncha ya blanketi, akakishona.