Kijitabu cha Kuku Kinachosomwa kwa Sauti Ruhembe

Saa nne asubuhi jua limekwisha kuwa kali Ruhembe. Ziada Kibwana, miaka thelathini na moja, ana karatasi mapajani. Anawasomea akina mama saba, wakulima wa miwa wanaofuga kuku, kijitabu kipya cha ufugaji. Kikundi chao kinataka nakala sitini, lakini hakuna atakayetoa hata shilingi kabla Mama Marselina, mmoja wao, hajasema ndiyo. Na Mama Marselina amenuna.

"Endelea," anasema mama huyo. "Nakusikiliza."

Ziada anaishi Mikumi, alikopanga meza ndani ya duka la kutoa kopi kando ya barabara kuu. Hununua mtandaoni vijitabu vya Kiingereza vinavyouzwa pamoja na ruhusa: mnunuzi anaweza kuviandika upya, kuviwekea jina lake na kuviuza. Kimoja humgharimu kama shilingi elfu ishirini. Akishakiandika kwa Kiswahili, nakala moja huiuza elfu tatu.

"Mwanzoni nilijiona mjanja kweli," anasema huku akicheka. "Nabadilisha lugha, nabadilisha jalada, kazi imekwisha."

Ujanja huo ulimtokea puani mwaka juzi. Kijitabu chake cha kwanza cha kuku kiliagiza kwamba Desemba, mwezi wa baridi, banda lizibwe na liongezwe joto. Baridi ya huko kilikotoka, bila shaka! Mama Marselina alifuata neno kwa neno. Aliziba banda kwa magunia, akaweka jiko la mkaa ndani, katika joto lile la Ruhembe. Vifaranga kumi na wanane wakafa.

Alipanda gari hadi Mikumi, kijitabu mkononi. Ziada akamwamkia.

"Mwanangu, shikamoo yako haifufui vifaranga," alijibiwa.

Ziada alitamani ardhi ipasuke. Alimrudishia fedha zake, akampelekea vifaranga wengine, na tangu siku hiyo hachapishi kitu kabla akina mama hawa hawajakisikia. Wakicheka mahali pasipostahili kicheko, anapafuta.

Leo wamecheka mara mbili tu. Ukurasa wa mwisho unaisha, na Mama Marselina anakunja mikono.

"Nguchiro je? Miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa, nguchiro wote wanakimbilia mabandani kwetu kula kuku. Kitabu chako hakiwajui."

Uso wa Ziada unasawajika, kisha anageuza karatasi upande mweupe. "Hakiwajui kweli, mama. Aliyekiandika hajawahi kuona miwa ikiungua. Niambie wewe."

Basi imekuwa kama sherehe. Wote saba wanasema kwa pamoja, huyu na wavu, yule na mbwa, na Ziada anaandika mpaka kalamu inakwama.

"Haya, ongeza hayo, ukachapishe," Mama Marselina anasema hatimaye. Ziada anaruka na kumkumbatia, karatasi zikitawanyika chini.

Kitabu kinachofuata hatakinunua popote. Kitatoka vinywani mwa mama hawa, majina yao saba yakiwa kwenye jalada na faida wakigawana.

"Na Wazungu wakikitaka?" anauliza Mama Marselina.

"Tutawauzia, mama, pamoja na ruhusa ya kukiandika upya."

Mama Marselina anafikiri kidogo.

"Sawa. Ila wakishakiandika, waje kwanza watusomee."