Barabara Niliyoigawa

Tulipopelekwa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi, nyasi zilikuwa bado zinafika kifuani. Mpimaji alikuja na ramani kutoka Mbarara, akatafuta mtu wa kumshikia kamba. Nikajitokeza mbio, maana niliwahi kufundisha kule Kivu Kusini na nilipenda kuonekana ninajua. Akaniambia katikati ya viwanja iachwe barabara, upana wa hatua kumi na mbili. Akaniachia vigingi, akarudi mjini.

Hatua kumi na mbili! Sisi tulikuwa na miguu na njaa tu. Majirani, watu wa kwetu wote, wakanizunguka: "Mwalimu, motokari gani itafika fasi hii? Utuongezee kidogo, batoto beko mingi." Nikasogeza vigingi mpaka ikabaki njia ya bodaboda moja. Wala sikujisahau. Kwenye mdomo wa njia nilipanda migomba mistari miwili, ikastawi kweli.

Miaka ikapita tukinywa maji ya bwawa. Siku moja likaja lori la kuchimba kisima, refu, limebeba mtambo mgongoni, likasimama mbele ya migomba yangu. Dereva, Mganda, akashuka.

"Mzee, toa hii ndizi, gari iingie. Sisi iko hapa mpaka saa sita."

Majirani wakanitazama. Wao pia walikuwa wamepanda njiani. Ningeanza kukata kwangu, wangekata kwao. Lakini mikungu ilikuwa imebakiza wiki chache. Nikasema tusubiri kwanza, hawa watapata njia nyingine. Kweli waliipata: wakachimba ng'ambo ya kilima.

Mke wangu alikuwa shambani siku hiyo. Aliporudi akaniuliza, nikamwambia chini kuna mwamba, mashine imeshindwa. Majirani hawakunikanusha, nao walikuwa na lao la kuficha. Basi akawa anapanda kile kilima na dumu kichwani, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka shingo ikamkatalia.

Nilizoea kujitetea kwamba watu wenyewe ndio walioomba ardhi. Uongo mtupu. Nilikuwa na panga mkononi na asubuhi nzima mbele yangu, na hadi leo naona aibu.

Tuliporudi kutoka hospitali Mbarara, amefungwa kola ngumu ya kushikilia shingo, nilimweleza yote. Nilitegemea anitukane. Akauliza tu kama ni ile migomba ya mdomoni mwa njia. Nikakubali.

"Papa, ungeniambia," akasema. "Ningeikata miye mwenyewe."