Mwalimu Aliyetupindua Bwawani

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Machakos nikiwa nimeinama juu ya gunia la ndengu. Mama anayeniuzia alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu ametuacha. Alilala salama na hakuamka. Sikumwuliza ni mwalimu gani. Mji huu una walimu wengi kuliko miti, lakini aliyeitwa Mwalimu na muuza ndengu, fundi wa pikipiki na mchunga ng'ombe wa Lukenya, bila mtu kuongeza neno, alikuwa mmoja tu: yule mama mstaafu aliyetufundisha sisi watu wa nchi kavu kuendesha mashua za tanga. Ndengu nilizisahau papo hapo. Niliketi kwenye ngazi za duka la jirani nikalia, wala sioni haya kuwaambia wasomaji wangu.

Alizaliwa Kola, akafundisha jiografia miaka mingi kule Kisumu, na huko ziwani ndiko alikojifunzia tanga. Wenzake waliostaafu walijenga vyumba vya kupangisha Mlolongo. Yeye alinunua mashua mbili zilizochakaa akazipakia kwenye lori aje nazo nyumbani. Alipenda kutusimulia jinsi lori lilivyofika kwenye mzani wa Mlolongo, na mtu mmoja pale akauzunguka mzigo ule huku akitikisa kichwa, kisha akamwuliza mashua zinakwenda wapi. Alipojibu Machakos, yule bwana aliwaita wenzake waje wamwone mama anayepeleka mashua Ukambani, mahali watu wanapopangia maji foleni kwa mitungi. Walicheka sana. Mwalimu naye alicheka nao, kisha akawakaribisha bwawani, na baadhi yao walikuja kweli.

Kituo alichokianzisha ni banda la mabati kando ya bwawa, na hakina mwenyewe. Anayetaka kujifunza hatozwi kitu, ila ataosha mashua na kushona tanga lililochanika. Akina mama wa jumuiya ya Kikatoliki walikuja. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali wa hapa mjini, alitoa maturubai, halafu mkewe na mabinti zake wakaja nao kujifunza. Ukame ulipozidi na maji yakarudi nyuma, Mwalimu alizitoa mashua zote bwawani bila kubishana na mtu, akasema ng'ombe wanywe kwanza. Mvua iliponyesha tulizirudisha.

Sheria yake ilikuwa moja, na haikuwa na msamaha: hakuna kushika usukani kabla ya kupinduliwa. Alikupeleka mahali maji yanapofika kifuani, umevaa jaketi la kuelea, akailaza mashua mpaka tanga likagusa maji, nawe ukatumbukia na nguo zako. Kazi yako ilikuwa kuzunguka hadi kwenye ule ubao unaotokeza chini ya mashua, kuning'inia juu yake kwa uzito wako wote na kuiinua mashua tena. Sasa fikiria sisi, ambao mama zetu walitulea kwa kututishia bwawa. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tuliujua wingi wake bila kuyafika. Hata mchungaji wa kanisa alipinduliwa. Mimi nilipinduliwa, nikaibuka nikimwita mama yangu, ambaye hayuko duniani. Mwalimu alisema hofu ni afadhali uimalize ukingoni kuliko ikungoje katikati.

Hapo ndipo anapoingia bwana mmoja wa Lukenya. Alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo mpaka siku ukuta wa mawe ulipomwangukia, na tangu hapo miguu yake haikusogea tena. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, akiishi katika nyumba ya mama yake, na mama huyo alimfuata kila alikokwenda. Walikuja bwawani kwa pikapu ya binamu yake, kiti chake cha magurudumu kikiwa nyuma. Kwa wiki kadhaa alipanda kama abiria tu, mpaka siku moja akasema anataka kushika usukani, peke yake. Mama yake alikataa katakata. Sisi wa kujitolea, wenye mioyo laini, tukatafuta njia ya kati: bwana huyu asipinduliwe, maskini, ameshateseka vya kutosha. Tulimwekea mto mzuri, tukamfunga kiunoni kwa kamba asije akateleza, na mmoja wetu akajiandaa kuketi naye siku zote. Mama alikubali. Tulijiona watu wema kwelikweli.

Mwalimu alifika tukiwa tunaisukuma mashua majini. Niseme ukweli, marehemu alikuwa na ulimi mkali, na neno samahani lilimkwama kooni maisha yake yote. Aliuliza kama bwana huyu amepinduliwa. Tukamweleza. Aliingia majini na viatu vyake, akaifungua ile kamba, kwa sababu alikuwa ameona jambo ambalo wema wetu ulitufanya tusilione: mtu aliyefungwa kwenye mashua, ikipinduka kweli, hana pa kutokea. Kisha akatugeukia.

“Hamjampa mashua,” alisema. “Mmempa kiti kingine.”

Mama wa yule bwana alikuwa ameanza kulia. Mwalimu alipanda ukingoni akamshika mabega.

“Mwaitu, mama yetu, najua uko na hofu. Hata mimi niko nayo. Lakini huyu ni mtu mzima. Wacha tumuulize yeye.”

Yule bwana hakungoja swali. “Mnipindue kama wengine,” alisema.

Mama aliyapa maji mgongo. Waogeleaji wawili walisimama pande zote mbili, Mwalimu akailaza mashua, na bwana akazama, kisha jaketi likamrudisha juu akikohoa. Mmoja wetu aliruka kwenda kumshika, na Mwalimu akamwinulia mkono kumzuia. Bwana alijivuta kwa mikono kuizunguka mashua, akaukamata ule ubao, akaning'inia. Mikono ile ilikuwa imevunja mawe miaka mingi. Mashua ilisita kidogo, kisha ikainuka, tanga likimwagika maji, naye akaanza kucheka kwa sauti kubwa. Mama yake aligeuka. Baadaye aliniambia kicheko hicho hakuwa amekisikia tangu ajali. Leo bwana huyo ndiye anayewafundisha wageni kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na wanaojifunza kwake wanasema ni mkali kuliko Mwalimu.

Tumemzika Mwalimu kwao Kola, Jumamosi. Wazungumzaji walikuwa wengi kama kawaida yetu, wengine hata hawakumjua, na mfawidhi alikuwa anaanza kuwakata watu maneno kwa ajili ya muda. Mama wa yule bwana wa Lukenya alisimama bila kuitwa akachukua kipaza sauti.

“Mimi nilimchukia huyu mama,” alisema. “Mtoto wangu nilikuwa nimemzika akiwa hai, nikawa namletea chakula kwa kaburi kila siku. Huyu ndiye aliniambia hajakufa.”

Akarudi kuketi. Nami nililala siku ile nikiwafikiria wote tulionao majumbani, wagonjwa, wazee, mabinti tunaowazuia hili na lile kwa sababu tunawapenda, na sidhani tumewahi kuwauliza wanataka nini. Ni swali gumu, kwa kuwa jibu linaweza kututisha. Mwalimu aliliuliza hivyo hivyo huku akiogopa, na anayempenda mtu kweli hana budi kuliuliza.