Kapteni wa Chumba cha Mbele

Baba mkwe wangu haijui vizuri sura yangu. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, wa zamani hasa, na kwao mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, haonani na baba mkwe. Hawasemezani, hawali pamoja, hawapishani hata mlangoni. Ni heshima, waliniambia wakati wa posa. Mimi ni Mhehe wa njia ya kwenda Tosamaganga, na heshima kwetu ipo pia, ila haijawahi kumpeleka mtu nyuma ya friji.

Maana huko ndiko nilikoishia. Mama mkwe alipofariki, mzee alihamia kwetu Soweto, hapa Mbeya, tukampa chumba cha mbele chenye mlango wake wa nje. Akitaka kuingia sebuleni alikohoa kwanza, nami nikisikia kikohozi natoweka. Nina digrii, nafundisha hesabu sekondari, na nimeshasimama nyuma ya friji na kisu mkononi na nusu kitunguu nikisubiri mtu amalize kutafuta rimoti. Ikilazimu kuambiana jambo, tulimtuma binti yangu wa darasa la pili, au tulipitia kwa ukuta. "Ukuta, mwambie baba chai iko tayari." Ukuta haujawahi kunijibu vibaya, na kwa hilo unawashinda wengi wa ukoo ule.

Mzee alistaafu udereva wa malori. Alizunguka na malori ya Tunduma maisha yake yote na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kugonga hata kuku. Kilichombakia ni kigari kimoja kikuukuu, na kila asubuhi alimpeleka mjukuu wake shule. Alivaa koti kwa safari hiyo, kana kwamba anakwenda Lubumbashi.

Jioni alitazama tamthilia moja ya kizungu ya chombo cha anga, ile inayouzwa kwenye flashi ikiwa imetafsiriwa na msimulizi wa Kiswahili mwenye chumvi nyingi. Kwa msimulizi yule, majitu ya sayari za mbali yanaongea kama wapiga debe wa stendi. Mzee aliamini kila neno. Alimpenda kapteni, na aliipenda kuliko zote sheria moja ya mle ndani: daktari wa chombo akiona kapteni ni mgonjwa, anaweza kumvua uongozi, na kapteni lazima atii. "Sheria ni sheria," alikuwa anaiambia televisheni, nami jikoni nasikia.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta pale Mwanjelwa. Siku moja akaja na gemu iliyotengenezwa kutokana na tamthilia hiyohiyo. Kila mchezaji anakaa kwenye kompyuta yake na kazi yake chomboni: huyu kapteni, huyu fundi wa mitambo, yule daktari. Alileta mashine tatu zilizochoka, moja chumba cha mbele, moja sebuleni, moja chumbani kwetu, akapitisha waya, akagawa hedifoni. "Hamwonani," alisema. "Mila iko palepale." Mwanamume anayemwita jirani kubadilisha mtungi wa gesi alikuwa ametoboa kuta za nyumba kwa ajili ya vita vya kwenye nyota.

Nilitaka urubani. Mzee akajibu kupitia kwa mwanawe kwamba kwenye chombo chake usukani anashika mwenyewe. Nikapewa udaktari, kazi ya kutazama picha ya chombo kwenye kioo, sehemu gani imepigwa, na kubonyeza kitufe watu wakiumia. Nilinuna, na sikuficha.

Kisha kwenye hedifoni nikasikia kikohozi. Kwa mazoea nikaruka kutoka kwenye kiti nitafute pa kujificha. Ikaja sauti: "Kamwene, daktari."

Miaka minane ya ndoa, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza kwangu, tena kwa Kihehe. Niliitikia, "Kamwene, kapteni," nikasahau kabisa kubonyeza kitufe. Mabaharia wetu wengi wa angani walikufa siku hiyo.

Ikawa kila Jumamosi mchana tunasafiri. Nje ya hedifoni nilikuwa mkamwana wa nyuma ya friji. Ndani yake alinigombeza, "Daktari, majeruhi wamejaa, umelala au unapika?" nami nikimjibu majibu ambayo Tukuyu yangelipiwa faini ya ng'ombe. Alicheka sana. Sikujua kama huwa anacheka.

Lakini kwenye kioo changu picha ya chombo ilikuwa nyekundu upande mmoja tu. Kushoto. Kila Jumamosi tulipigwa kushoto. Adui akitokea kulia, mzee alimkwepa kama kijana. Akitokea kushoto, alikwenda mbele kwa raha zake mpaka tulipolipuliwa. "Wamejificha hao," alikuwa anasema. Hawakuwa wamejificha. Mimi niliwaona.

Mume wangu alicheka tu. Nami ningecheka, ila kioo cha pembeni cha kile kigari, cha kushoto, kilikuwa kimeng'olewa na nguzo ya geti letu wenyewe. Halafu siku moja, nikimsuka, binti yangu akasema, "Mama, babu amegonga toroli la ndizi. Amesema toroli ndilo limekuja." Nikaacha kusuka. Kushoto ndiko wanakotembea watoto wote wa shule za Mbeya, na wangu alikuwa ndani ya gari hilo kila siku.

"Mwambie baba yako haoni," nilimwambia mume wangu.

"Nimwambie dereva haoni? Mwambie wewe."

"Mimi sisemi naye."

"Basi na mimi siwezi."

Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka ikiwa matusi.

Jumamosi ikafika, tukaruka, tukapigwa kushoto. Nikakishika kipaza sauti cha hedifoni kwa mikono miwili. "Kapteni, kwa sheria ya chombo, daktari anakuvua uongozi mpaka macho yako yapimwe."

Mume wangu sebuleni aliangusha kitu, nilimsikia.

"Macho ya kapteni," mzee aliuliza taratibu, "au macho yangu?"

"Yote. Na Jumatatu mtoto hapandi gari lile."

Sikusikia kikohozi wala kiti. Hedifoni ilikatika tu. Jumapili hakutoka chumbani, na chakula nilichompelekea kupitia kwa mtoto kilirudi. Nilijiona nimemuua mtu. Nililia kwenye kitunguu ili niwe na kisingizio.

Jumatatu alfajiri alimgongea mwanawe, koti liko mwilini. "Daktari amesema nikapimwe," alisema. "Sheria ni sheria."

Ilikuwa presha ya macho. Pembeni, hasa kushoto, alikuwa amebakiwa na giza. Kilichopotea hakirudi, walimwambia, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Gari, hapana. Jioni nilikuta funguo zake juu ya kibodi yangu.

Tatizo likawa nani aendeshe. Mume wangu, mtoto wa dereva, hajui: baba yake aliwahi kumfundisha, na wote wawili hawapendi kuizungumzia siku hiyo. Mimi leseni ninayo, niliipatia Iringa kabla sijaolewa.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na funguo. Mzee alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma pamoja na mjukuu wake, na koti lake, kofia imeshushwa mpaka puani. Nilisimama mlangoni mwa gari kwa muda. Kwenye gari hakuna friji. Nikaingia, nikageuza kioo cha ndani kielekee darini, nikatazama mbele.

Akakohoa.

"Rubani," alisema, "ondoa chombo."

Nikaweka gia. Tulipotoka getini nikasema, "Kapteni, kushoto kuna mama na toroli la ndizi. Nyuma yake watoto watatu, sare ya bluu. Mmoja kafungukiwa na kamba ya kiatu."

Alielekeza kofia kushoto mpaka tukawapita.

"Endelea kunitajia," alisema.