Mkwe Wangu na Mashine ya Teleksi

Nyie mnaokaa meza moja na baba mkwe mkagombea paja la kuku, hamtanielewa. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani macho na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Sauti yako asiisikie, jina lake usilitaje. Nilikulia humo na sikuona taabu yoyote, mpaka miaka ya sabini, nilipopata kazi ya opereta wa teleksi katika ofisi moja ya mazao hapa Mbeya.

Mashine yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa ya tawi letu la Iringa. Wao wakapewa nyingine, hii ikapakiwa kwenye lori ikaja kwetu. Ilifanana na taipureta kubwa iliyounganishwa na waya wa simu: mtu wa Dar es Salaam akikupigia, inaamka yenyewe hata kama chumbani hamna mtu, mota inanguruma, na maneno yake yanajichapa kwenye karatasi. Hiyo yetu ikawa inaamka, inachapa herufi chache, halafu kimya. Nikizisoma naona ni Iringa. Nikajua Iringa wananichezea, wananipigia na kukata, nikawatukana kimoyomoyo wiki nzima.

Meneja akaomba fundi wa simu. Asubuhi moja nachungulia dirishani, Yesu wangu, anayeshuka kwenye Landrova na sanduku la vifaa ni baba mkwe. Nilijua ni fundi, lakini kituo chake kilikuwa Iringa na sikuwahi kufikiri wangemtuma yeye. Tena mume wangu alishaniambia kwa huzuni kwamba mzee amebakiza muda mfupi astaafu, macho yamechoka, na wakubwa wake wameletewa malalamiko. Likija moja zaidi, anarudishwa nyumbani kabla ya siku zake.

Nikakimbilia stoo, nikajifungia. Meneja alikuwa mtu wa kuja, asiyejua mila zetu, nikamtuma tarishi amwambie tumbo linanisokota. Mzee akauliza mashine ina ugonjwa gani, tarishi akaja mlangoni kuniuliza mimi. Nikamnong'oneza haraka, nikihofia sauti yangu isipenye: inaamka halafu inalala. Basi. Habari ya zile herufi nikaimeza.

Kwa hiyo mzee akahangaika na huo usingizi wa mashine. Namsikia akifungua mota, akiisafisha, akibadilisha fyuzi, akifuata waya ukutani hadi nje. Karatasi alikuwa ameitoa ili afikie ndani. Akiijaribu mwenyewe pale pale inakwenda vizuri. Dar wakipiga, inaamka, inakufa. Mchana ukafika. Meneja akaanza kuguna, kisha akaacha kuguna akasema wazi kwamba mzee kazi imemshinda, anakwenda kupiga simu Iringa walete kijana mwenye macho. Makarani wakacheka.

Mimi nimekaa stoo juu ya gunia, nasikia yote. Nilijificha ili nimtunzie heshima, na kujificha kwangu ndiko kunamvua nguo mbele ya watoto. Nikijitokeza, nimemvunjia mila; nikikaa, amekwisha. Haki ya Mungu, sijawahi kuuchukia mlango kama ule.

Nikajifunika kanga kichwani, nikatoka kinyumenyume, nikasimama uso ukutani, nikauambia ukuta:

"Kila ikiamka inachapa jina la Iringa, ndipo inakatika."

Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani. Mzee akajibu, lakini alimjibu tarishi, si mimi.

"Basi haiumwi. Imehama na jina lake la zamani."

Akaeleza kwamba ndani ya mashine kuna kigurudumu chenye meno, na meno hayo ndiyo yanayochapa jina la mahali ilipo. Anayepiga hulisoma kwanza, ajue amempata nani. Dar walikuwa wakiita Mbeya, wanaitikiwa na Iringa, wanadhani wamekosea namba, wanakata. Kumbe Iringa niliowatukana hawakunipigia hata mara moja. Akayapanga meno upya. Dar wakapiga, ikaamka, ikajitaja Mbeya, na maneno yaliyokwama yakaanza kumwagika.

Wakati huo nilisharudi stoo. Meneja akapaza sauti kuuliza kama tumbo limepona, akasema opereta wake anaongea na kuta. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Simu ya Iringa haikupigwa. Lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijiona mwanamke asiye na malezi, aliyeokota mdomo sokoni. Mzee aliondoka bila kunywa chai, nikajua ni mimi niliyemfukuza. Mume wangu sikumwambia.

Krismasi tukaenda Tukuyu, nyumbani kwa wakwe. Nilikuwa jikoni na mama mkwe tukimenya ndizi, mzee yuko sebuleni na wageni, anawasimulia mambo ya kazi. Nikasikia Mbeya ikitajwa, kisu kikanisimama mkononi. Alisema siku hiyo aliaibika, angerudi nyumbani kama mbwa, ila akaokolewa na fundi mmoja, kijana wa kiume, mwenye akili na aliyelelewa akaleleka. Mgeni mmoja akauliza ni mtoto wa nani.

"Sikumwona uso," akasema.

Mama mkwe akasema Mungu ambariki huyo fundi. Nikaitikia amina, nikaendelea kumenya, kichwa chini. Mzee tumeshamzika. Asante yangu sikumpa, maana baba mkwe hashukuriwi kwa mdomo, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha ofisi nzima.