Siku Mama Sindano Alipolazwa

Kwa miaka ishirini na miwili watoto wa mji ule walimkimbia mwanamke mmoja kuliko walivyomkimbia mbwa mkali. Alikuwa muuguzi wa chanjo, mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na yote hayo hayakumsaidia kitu. Akiingia dukani kununua sabuni, mtoto aliyebebwa mgongoni aliangua kilio. Akipita mtaani, michezo ilisimama na makalio yakafichwa ukutani. Walimwita Mama Sindano, na jina likamganda kama kupe. Hata mjukuu wake, kabla ya kuongea naye kwa simu, alitaka ahakikishiwe kwamba sindano haipiti kwenye simu.

Aliyemgeuza alikuwa binti wa miaka minne. Alichanjwa, akafuta kamasi, akaomba bomba tupu la sindano lisilo na ncha. Akaenda kwenye viti vya plastiki vya wanaosubiri, akavidunga vyote kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, na kila kiti akakiambia, "Pole. Lia tu, si utanyamaza." Alipomaliza cha mwisho akaondoka akirukaruka. Mama Sindano akabaki na pamba mkononi. Miaka yote ile alikuwa akiwagawia watoto peremende na uongo kwamba haiumi, kumbe huyu mmoja amejitibu kwa viti!

Basi akiwa na miaka hamsini na moja akarudi darasani kusomea tiba ya watoto kwa njia ya michezo, pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Aliporudi na cheti, hospitali ikampa stoo ya vitanda vibovu mwisho wa korido. Akaipaka rangi, akaweka beseni kubwa la mchanga, familia ya wanasesere, vyombo vya jikoni vya kuchezea, mamba wa kitambaa na boksi la bandeji zilizopita muda wake. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mwanamke aliyenyooka kama rula, alikipa chumba hicho jina alilolitunga mwenyewe: wodi ya upuuzi.

"Huko ndani mnatibu nini hasa?" aliuliza.

"Hofu, dada."

"Inapimwa kwa kipimo gani?"

"Kwa masikio."

Metroni akaenda zake akitikisa kichwa.

Sheria ya chumba ilikuwa moja, nayo ilikuwa ngumu kwa mtu aliyezoea kutoa amri. Anayeongoza ni mtoto. Mkubwa haulizi, hafundishi, hasahihishi. Akitumwa anakwenda, akiambiwa yeye ni punda analia kipunda, na anachokiona anakisema kwa sauti ili mtoto ajue kwamba ameonekana. Mtu mzima akiwa na donge moyoni humwendea jirani akalitapika, na jirani akalitangaza mpaka sokoni. Mtoto mdogo maneno hayo hana. Donge lake hutokea mikononi: kwenye mchanga, kwenye mwanasesere anayepigwa kofi, kwenye mamba anayemeza kila mtu. Likishatokea mahali ambapo hakuna anayemgombeza, hupungua ukubwa. Basi kazi ya Mama Sindano ilikuwa kutolizuia, na amini usiamini, kutokufanya kitu ni kazi inayotoa jasho.

Mwaka ule aliletewa binti wa fundi magari. Alikuwa na miaka mitano, na nyumbani walimwita Bosi, wala jina halikuwa la kubahatisha. Mama yake alipatwa na maumivu ya tumbo ghafla, akakimbizwa hospitali hiyohiyo, akapasuliwa, kidonda kikaleta matatizo, akalazwa miezi miwili. Alipotoka, mtoto hakumtaka. Hakula kwa mkono wake. Alimwita "yule". Mama akijaribu kumkumbatia, anang'atwa, na alama alizokuwa nazo begani zilikuwa mbili. Katika mahudhurio matano kwa Mama Sindano, Bosi alifanya jambo lilelile: alimchukua mwanasesere mama, akamfukia mchangani, akamkanyagia juu.

Siku ya sita fundi alimzuia Mama Sindano koridoni. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi, anatazama vidole vya miguu yake.

"Mama, sikudharau," alisema fundi. "Lakini mimi nikifungua injini ya mtu, nikaitazama siku tano bila kushika spana, mwenye gari atanifukuza."

"Na ukilazimisha boliti iliyoshika kutu?"

"Itakatika," alikiri. "Sawa. Lakini leo ni mwisho. Dada yangu anakuja kesho kumchukua, akakae naye huko mpaka atulie."

Huko kwa shangazi kulikuwa mwendo wa siku nzima. Mama wa mtoto aliinua uso. "Mume wangu amesema leo. Leo yenyewe haijaisha," alisema polepole.

Bosi aliingia, akaupita mchanga kama haujui. Akavuta viti viwili, akalaza ufagio juu yake, likawa geti, kama lile la wodini ambako watoto hurudishwa.

"Wewe mgonjwa," alimwambia Mama Sindano. "Lala."

Mama Sindano akajilaza mkekani kwa awamu tatu, magoti yakilalamika. Akafungwa bandeji kichwani, mikononi, kifuani. Kisha Bosi akachukua bomba la kuchezea, akalenga paja.

"Unapaka spiriti kwanza," Mama Sindano akasema.

Yalimtoka yenyewe. Miaka ishirini na miwili haifi kwa cheti kimoja. Bosi akamkazia macho, akakata kipande kipya cha bandeji, akamfunga mdomo.

"Wagonjwa wangu hawana kelele."

Kisha akasimama getini, mikono kiunoni, akatazama mbele yake. Ndani mgonjwa yupo. Nje hakuna mtu. Akafikiri, akaenda mlangoni, akaufungua kwa kishindo. Fundi, aliyekuwa ameegemeza sikio upande wa pili, nusura aanguke ndani.

"Wewe," Bosi akamwambia. "Njoo uwe mtoto."

Fundi akamtazama Mama Sindano apate maelekezo, akaona furushi jeupe lenye macho mawili. Furushi likatikisa kichwa: ndiyo. Akaingia.

"Watoto hawafiki darini," Bosi alisema. "Chini."

Lile jitu lenye mikono ya grisi likapiga magoti mbele ya ufagio.

"Shikamoo, mlinzi," alianza, akijaribu kutabasamu. "Nimekuja kumwona mama yangu."

"Watoto hawaruhusiwi."

"Dakika moja tu."

"Hata nusu. Rudi nyumbani ukaoge."

"Nimeoga."

"Muongo. Masikio hayo!"

Mkekani bandeji zikatikisika. Fundi akakuna shingo, sasa naye akianza kunogewa. "Mlinzi, nihurumie. Mama yangu yumo humo."

"Hayumo," Bosi alisema. "Umeambiwa ameenda wapi?"

Tabasamu likamkauka fundi. Alfajiri ile ya maumivu, wakati gari likisubiri nje, alikuwa amemfunika binti yake shuka na kumwambia neno la kwanza lililomjia. Tena hakuwa amelikumbuka tangu siku hiyo.

"Nimeambiwa... ameenda kununua viatu."

"Vya nani?"

"Vyangu."

"Vyekundu?"

"Vyekundu."

"Viko wapi?"

Fundi akamgeukia Mama Sindano kwa macho ya mtu anayezama. Naye Mama Sindano alikuwa na maneno mazuri tele, ya darasani na ya ulezi, yamejipanga nyuma ya meno. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa na mwenye mamlaka. Akamtazama tu.

"Hakuna viatu," fundi akasema. Sauti yake ilishuka. "Mama alikuwa anaumwa sana. Baba alidanganya."

"Kwa nini?"

"Aliogopa."

"Baba haogopi. Analala chini ya gari."

"Gari analijua. Hili hakulijua. Aliogopa mama hatarudi."

Bosi akamchunguza kama anayekagua kitambulisho. "Nilimsubiri dirishani," alisema, na hakuwa tena mlinzi. "Kila siku. Nikasema amepata watoto wengine wenye miguu mizuri."

Hapo mlango ukafunguliwa. Metroni alikuwa amekuja na faili, kuona kama chumba kile kinaweza kugeuzwa ofisi. Akakuta mfanyakazi wake amefungwa kama mzigo wa posta, na mwanamume mwenye ndevu amepiga magoti mbele ya ufagio, mashavu yamelowa.

"Kuna nini hum..."

"Muda wa kuona wagonjwa bado!" Bosi alimkemea. "Kasubiri nje!"

Metroni alikuwa ameitamka amri hiyo wodini maelfu ya mara. Kuipokea hakuwahi hata mara moja. Miguu yake ikatii kabla kichwa hakijauliza. Akajikuta koridoni, mlango umefungwa, kando ya mwanamke mgonjwa aliyeketi kwenye benchi.

"Na wewe umefukuzwa?" mwanamke alimuuliza.

"Nimefukuzwa," Metroni alisema, akakaa. Akaweka faili magotini, akaongeza, "Anakaripia kama mimi."

Ndani, Mama Sindano aliinua vidole vitano: zilibaki dakika tano za kipindi. Bosi aliuona mkono. Akaushika ufagio, akausogeza kando kidogo sana, akamwambia baba yake, "Pita. Lakini usipige kelele." Halafu, badala ya kumfuata, akatoka nje na roli la mwisho la bandeji, akaenda moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Palikuuma wapi?" alimuuliza mama yake.

Mama akainua ukingo wa blauzi. Kovu lilikuwa refu, linang'aa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mtoto. Wote walilificha wakidhani ni kumhurumia. Bosi akaligusa kwa kidole kimoja.

"Walikushona na uzi?"

"Na uzi."

"Ulilia?"

"Nililia. Nilikuwa nakutaka wewe, mlangoni wakasema watoto hawaruhusiwi."

Metroni akageuka kutazama ukuta, akaukuta unapendeza.

Bosi akaanza kumzungushia mama yake bandeji tumboni, juu ya blauzi, akipita nyuma na kurudi mbele, na kila alipopita nyuma ilimbidi amkumbatie ili mkono ufike. Alipita nyuma mara nyingi kuliko tumbo lilivyohitaji. Mama hakumshika. Aliketi wima, hapumui, kama mtu aliyetuliwa na ndege.

Fundi alisimama mlangoni, vumbi magotini. Akatoa simu.

"Dada, hiyo safari ya kesho iache," alisema. "Hapana, hajatulia. Ndiyo kwanza anaanza kutugombeza."

"Baba!" Bosi akaita. "Bandeji imeisha na mama bado ni mkubwa. Mfungue yule wa mkekani, lete yake."