Boksi la Mzee Gramu

Tulimwita Mzee Gramu, maana mkono wake haukuhitaji mizani. Miaka kumi na tisa alisimama meza ya mbele kiwandani kwetu, akipanga samaki wabichi na barafu kwenye maboksi ya kwenda ng'ambo kwa ndege. Mimi nilikuwa meza ya pili, na ukali wake kuhusu usafi nimeuonja. Siku moja alinivua pete mbele ya watu.

"Mwanangu, hii ikidondoka humo shehena nzima inamwagwa. Utatulisha wewe?"

Nilinuna wiki nzima, lakini alisema kweli.

Binti yake wa pekee aliolewa huko huko wanakopelekwa samaki wetu, na mumewe alifanya kazi kwenye ghala linalopokea maboksi. Binti alipougua figo, mzee aliomba viza mara tatu, akanyimwa mara tatu. Samaki aliyevuliwa alfajiri, kesho yake yuko huko, ana cheti na muhuri. Baba mtu anaambiwa hana sababu ya kutosha ya kusafiri. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Binti akafariki Jumanne, maziko yakapangwa Jumamosi. Alhamisi mzee akaja kazini.

"Baba, nenda nyumbani ukapumzike," nikamwambia.

"Nyumbani kuna nini? Anazikwa huko. Niacheni nipange."

Baadaye ndipo tulipojua alichofanya. Alichota udongo uani kwake, pale binti alipochezea utotoni, akaufunga kwenye mfuko wa nailoni na kuulaza chini ya barafu. Kisha akampigia mkwewe simu: boksi la kwanza lenye namba yangu ya kazi lifungue wewe, umtupie udongo huo kaburini kwa niaba yangu.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kati ya maboksi mia mbili, wakaguzi wa huko wakafungua lile lile. Shehena nzima ikateketezwa, barua ikaja, na meneja akamwita mzee ofisini, nami nikaingia naye. Alipoachishwa kazi hakubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Ule udongo wameupeleka wapi?"

Meneja akaitazama tena barua. "Umechomwa, mzee. Pamoja na samaki."

Nilimsindikiza mpaka getini nimemshika mkono. Alikuwa analia waziwazi, na mimi pia.

"Mwanangu," akaniambia, "hata udongo wangu wamemnyima."